Dopamini, vitamini C na sifa inayopewa nano

Dopamini huachia elektroni kwa urahisi. Chovya elektrodi ya kaboni ndani ya mmumunyo wake, pandisha volti taratibu: kila molekuli itapoteza elektroni mbili na protoni mbili na kugeuka kwinoni, na mkondo wa umeme utakuonyesha kiasi kilichomo. Kwa njia hii Ralph Adams wa Chuo Kikuu cha Kansas aliingiza elektrodi hadi kwenye ubongo wa panya hai miaka ya 1970.

Tatizo ni vitamini C. Kwenye kaboni tupu nayo huachia elektroni karibu na volti zilezile, na katika damu huwa makumi ya maikromoli kwa lita, ilhali dopamini huru haifiki hata nanomoli moja. Vilele viwili vya mkondo humezana. Baya zaidi, vitamini C huirudishia kwinoni elektroni zake, dopamini ikapatikana upya na kuhesabiwa tena na tena, hivyo kipimo kikaonyesha zaidi ya kilichopo.

Mwaka 1996 Britto, Santhanam na Ajayan walitengeneza elektrodi ya mirija ya kaboni ya nano, yaani myembamba mno, na kuijaribu kwa dopamini. Waliofuata waliichanganya mirija hiyo na Nafion, plastiki yenye chaji hasi, wakaupaka mchanganyiko huo juu ya elektrodi. Hapa kuna kazi mbili, na nasisitiza zisichanganywe. Katika pH ya 7.4 dopamini ina chaji chanya na vitamini C ina chaji hasi. Nafion huivuta ya kwanza na kuisukuma ya pili. Mirija, kwa upande wake, huifanya vitamini C iachie elektroni mapema, kwenye volti ndogo, na vilele vikaachana.

Lakini je, ni unano wa mirija unaofanya hivyo? Kundi la Richard Compton huko Oxford lilionyesha kwamba utendaji mwingi hutoka kwenye ncha na kasoro za mirija, sehemu zinazofanana na kingo za grafiti ya kawaida. Katika kupima peroksidi ya hidrojeni, kilichobainika kufanya kazi ni mabaki ya chuma yaliyoachwa na utengenezaji. Tena, tabaka la mirija lina vinyweleo. Kimiminika kinachonaswa humo kinatosha kusogeza vilele bila mwendo wa elektroni kuongezeka kasi. Sifa nyingi zilitolewa kabla ya uchunguzi huu kufanyika.

Halafu kuna suala la sampuli. Mara nyingi, elektrodi inapojaribiwa, mkojo huzimuliwa sana, dopamini ya kiasi kinachojulikana ikaongezwa, kisha ikapimwa. Kuzimua huondoa adha ya protini, zinazoganda juu ya elektrodi na kuififisha. Isitoshe, elektrodi nyingi zinazotangazwa haziwezi kupima chini ya makumi ya nanomoli kwa lita: zinaufaa mkojo, kwa damu bado.

Basi msomaji, ukikutana na elektrodi mpya inayosifiwa, uliza kama ililinganishwa na grafiti ya kawaida, na kama ilipima damu au mkojo usiozimuliwa.