Mkono wa Antony: Mpinzani Mpole katika Juliasi Kaizari

Wahakiki wengi wa Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere aliitafsiri mwaka 1963 na kuirekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, hukubaliana kwamba Brutus aliponzwa na wema wake. Hukumu hiyo imerudiwa madarasani hata ikawa kama kanuni: Brutus alimwamini Antony, Cassius akaonya, na Cassius ndiye aliyeona mbali. Kasoro ya hukumu hiyo ni kwamba inachanganya mambo mawili ambayo tamthilia yenyewe imeyatenga, yaani kumwachia mpinzani uhai wake na kumkabidhi jukwaa.

Katika tendo la pili, Cassius anataka Antony auawe pamoja na Kaizari. Brutus anakataa, kwake yeye, Antony ni kiungo tu cha mwili wa Kaizari, mtu wa michezo na starehe asiyeweza kitu kichwa kikishaondoka. Hapa Brutus anapima tabia na kusahau nafasi, kwani katika historia Antony alikuwa konsuli mwenzake Kaizari mwaka ule wa 44 K.K. Hata hivyo, shauri la Cassius haliwezi kusifiwa kwa wepesi. Mwenye kuua kila anayemshuku huishia pale walipo watawala watatu wa tendo la nne, ambapo Antony huyo huyo anatia alama kwenye jina la mpwa wake ili afe. Mhakiki anayemsifu Cassius kwa ukali wake hana budi kulijibia onyesho hilo pia.

Kiini cha suala kimo katika onyesho la kwanza la tendo la tatu. Antony haji mwenyewe kwanza. Anamtuma mtumishi apige magoti na kutoa ahadi yenye sharti: atamfuata Brutus akihakikishiwa usalama na kuelezwa kwa nini Kaizari alistahili kufa. Anapofika, haufichi msiba wake. Analia mbele ya wauaji, anawapa mkono mmoja mmoja huku akiwataja kwa majina, kisha anaugeukia mwili na kuuomba radhi kwa kupatana na maadui zake. Kwa hiyo si sahihi kudai, kama wanavyodai baadhi ya wasomi, kwamba Antony aliwalaghai kwa uso mkunjufu. Aliwaonyesha kidonda chake waziwazi. Upole waliouona uliumbwa kwa sehemu kubwa na haja yao wenyewe ya kukubaliwa na mtu wa upande wa pili.

Cassius hakupitiwa. Anauliza swali la kisiasa hasa: je, Antony ahesabiwe miongoni mwa marafiki, au wao waendelee na safari bila kumtegemea? Antony anajibu kwamba ni rafiki yao wote, kwa tumaini la kupewa sababu. Brutus anaahidi kuwa sababu zipo na zinatosha kumridhisha hata mwana wa Kaizari. Jambo la kushangaza, ambalo uhakiki haujalipa uzito unaostahili, ni kwamba sababu zenyewe hazitolewi, na Antony hazidai. Papo hapo anasema hana zaidi ya hilo, kisha anaomba mwili na ruhusa ya kuhutubia. Mtu aliyekuwa tayari kushawishiwa angesubiri kusikia. Kadhalika, Cassius alikuwa amemwahidi sauti katika ugawaji wa vyeo vipya, naye hakuligusa neno hilo hata kidogo. Asiyetaka hoja wala cheo alikuwa anataka nini? Uzungumzi nafsia unaofuata unatoa jibu, lakini hadhira makini ilikwisha kulipata.

Masimulizi ya Plutarch, ambayo Shakespeare aliyatumia, yanaongeza nuru. Humo Antony anatetea msamaha kwa wauaji mbele ya Baraza la Seneti na kumpeleka mwanawe Kapitoli awe rehani ili washuke kwa amani. Mapatano yale yalikuwa na dhamana. Shakespeare ameiondoa dhamana hiyo yote na kubakiza mkono mtupu wenye damu.

Msomaji wa Kenya anayejua habari za KADU kujiunga na KANU mwaka 1964, za NDP kufanya vivyo hivyo Machi 2002 na viongozi wake kutoka kabla ya mwaka kwisha, au za salamu za Uhuru Kenyatta na Raila Odinga tarehe 9 Machi 2018, aghalabu hubishania usafi wa mioyo. Tamthilia hii inamrudisha kwenye swali kavu zaidi: ni nani aliyeshika nini cha mwenzake?

Cassius, ikumbukwe, hapendekezi tena mauaji Antony anapoomba kuhutubia. Anamvuta Brutus kando na kumsihi ombi hilo lisikubaliwe, basi. Brutus anajibu kwa masharti: yeye atatangulia kusema, Antony asiwalaumu, tena akiri kwamba anasema kwa idhini yao. Ni masharti mazuri, na Antony anayatimiza karibu yote kwa maneno. Lakini Brutus, akiisha kusema kwa nathari yake fupi, anawaomba raia wabaki kumsikiliza Antony, naye anaondoka peke yake.