Nyumba Ndiyo Zimwi

Roger Corman alipotaka kutengeneza filamu ya "The Fall of the House of Usher", hadithi fupi ya Edgar Allan Poe ya mwaka 1839, wakubwa wa American International Pictures walimuuliza: zimwi liko wapi? Akawajibu kwamba nyumba yenyewe ndiyo zimwi. Wakakubali. Filamu ikatoka mwaka 1960, ya rangi, kwa siku 15 za kupiga picha na dola zipatazo 300,000, fedha ndogo sana kwa Hollywood.

Naipenda kwa jinsi inavyojua cha kununua na cha kuacha. Waigizaji wakuu ni wanne tu. Moto wa msituni ulikuwa umeteketeza vilima vya Hollywood; Corman akawahi huko na kamera, akampitisha mgeni anayekuja katika nyumba hiyo, juu ya farasi, katikati ya miti iliyoungua, nasi tukawa tumeingia nchi ya wafu kabla ya kuuona mlango. Kwa moto unaoiteketeza nyumba mwishoni alitafuta ghala kuukuu lililokuwa libomolewe, akalichoma usiku. Paa lile linaloporomoka limeonekana tena katika filamu zake nyingine.

Ila mimi hunishika zaidi sauti. Roderick Usher, mwenye nyumba, ni mgonjwa ambaye kelele humtesa. Vincent Price, nywele zimepaushwa na masharubu yamenyolewa, anamwigiza kwa kunong'ona, na anayenong'ona hukulazimisha utege sikio. Ukishalitega, mkwaruzo mdogo kutoka ndani ya jeneza la dada yake, Madeline, unatosha kukuinua kitini.

Halafu kuna kalamu ya Richard Matheson, mwandishi wa filamu hiyo. Kwa Poe, mgeni ni rafiki wa utotoni. Kukipambazuka angeweza kuaga. Matheson amemfanya mchumba wa Madeline. Badiliko moja tu, na sasa hana njia ya kuondoka.

Ufundi huu wa kutisha bila kuonyesha zimwi si mgeni kwetu Katanga, kusini mwa Kongo. Wazee wetu walisimulia habari za batumbula, wateka watu wa usiku waliotisha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1940. Wakitaja njia fulani, saa fulani, na jirani ambaye hakurudi, watoto walikataa kwenda msalani peke yao. Mtumbula mwenyewe hakuhitaji kuonekana.

Hapa Sakania, mji wa mpakani uliofikiwa na reli kutoka Rhodesia mwaka 1909, kijana mwenye simu na taa moja ana vya kuanzia: mabehewa, giza, na hadithi hizo. Asihangaike kushona vinyago vya mazimwi. Amtafute kwanza mtu asiyeweza kuondoka: mlinzi wa stesheni anayeisubiri treni ya Ndola angefaa sana. Fedha zitakazobaki, nyingi au chache, azimalizie zote kwenye sauti.