Wimbo wa Babu, Kimya cha Bibi: Muziki na Ndoa katika Dance of the Jakaranda

Utangulizi

Riwaya ya Peter Kimani, Dance of the Jakaranda, iliyochapishwa mwaka wa 2017, imezoeleka kusomwa kama riwaya ya reli. Usomaji huo una msingi. Reli ndiyo iliyowakutanisha wahusika wake weupe, weusi na wa asili ya Kihindi, na reli ndiyo inayotoa kipimo cha wakati: upande mmoja ni enzi za ujenzi, ulioanza Mombasa mwaka wa 1896 na kulifikia ziwa mwaka wa 1901, upande wa pili ni mwaka wa 1963, Kenya inapojipatia uhuru. Hata hivyo, msomaji akiiweka reli kando kwa muda na kutazama kinachobaki, ataona kwamba uti wa mgongo wa hadithi ni mapenzi na ndoa: ndoa iliyokataliwa, ndoa iliyovuka bahari, mtoto ambaye kuzaliwa kwake kumezua utata, na busu lililotokea gizani baina ya watu wasiojuana. Kinachoyaunganisha haya yote si chuma bali ni wimbo.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza wimbo huo na kuuliza swali moja: katika riwaya ambayo ndoa ndiyo inayosukuma matukio, ni nani mwenye haki ya kuiimba? Tutadai kwamba Kimani amefaulu kuufanya muziki uwe kiungo cha msuko, lakini ameupitisha katika mkondo wa wanaume, kutoka kwa babu kwenda kwa mjukuu. Ili kuupima uamuzi huo wa kisanaa, tutaisoma riwaya kutoka mahali ambapo reli yenyewe ilikuwa ikielekea, yaani ziwani, na hasa katika visiwa vya Takawiri na Mfangano, ambako historia ya ndoa na nyimbo imefuata mkondo mwingine.

Muziki kama kiungo cha msuko

Wahusika wakuu wa kizazi cha kwanza ni watatu: mhubiri Richard Turnbull, mtawala wa kikoloni Ian McDonald, na fundi wa Kihindi Babu Salim. Maisha yao yanafungamana kwa sababu wote wanahusishwa na kuzaliwa kwa mtoto mmoja. Kila mmoja ana hadithi yake ya mapenzi. McDonald anajenga jumba la fahari ili kumvuta Sally, naye Sally anamkataa. Babu amefika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na mkewe, Fatima, na uhamiaji wake hauwezi kutenganishwa na ndoa hiyo. Turnbull naye ni mtu wa dini, na hilo pekee linatosha kulifanya suala la mtoto liwe zito kwake.

Jumba la McDonald ndilo lenye kinaya kikubwa zaidi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mwanamke mmoja asiyeitaka inageuka baadaye kuwa hoteli ya Jakaranda, mahali pa muziki na dansi, ambapo watu ambao utawala wa kikoloni uliwatenga wanakutana katika ukumbi mmoja. Humo ndimo Rajan, mjukuu wa Babu, anapojipatia riziki kwa kuimba masimulizi ya babu yake juu ya ujenzi wa reli. Kwa njia hiyo mwandishi anajenga daraja la wakati bila kulazimika kutumia mbinu rejeshi iliyo wazi kila mara. Wimbo unaposikika mwaka wa 1963, enzi za ujenzi zinaingia ukumbini.

Aidha, wimbo unaifanya siri iwe mali ya umma. Wasikilizaji wanacheza kwa kufuata historia ambayo huenda ni historia yao wenyewe, nao hawajui. Busu la gizani ambalo Rajan analipata kwa bahati kutoka kwa mgeni linatokea katika mazingira hayo hayo ya muziki, na kumtafuta mwanamke huyo, Mariam, ndiko kunakofichua yaliyowafunga wazee watatu. Hapa msuko na maudhui vimeshikana barabara. Ni jambo la kufaa pia kwamba katika Kenya halisi neno la Kigikuyu linalotaja gari moshi, mugithi, limekuwa jina la dansi ambalo wachezaji hulicheza kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kama mabehewa. Lugha ya watu ilikwisha kuigeuza reli kuwa dansi. Kimani ameifanya dansi hiyo iwe riwaya.

Mkondo wa urithi

Hata hivyo, tunapofuatilia njia ambayo wimbo unapita, tunakutana na tatizo. Anayesimulia ni Babu. Anayeimba jukwaani ni Rajan. Wanaotuhumiwa katika suala la mtoto ni wanaume, na swali linalobeba taharuki ni la ubaba: baba ni nani? Hakuna anayeuliza mama ni nani, kwa kuwa umama haukanushiki. Kwa sababu hiyo, ushahidi wa mama haujengewi mkondo wa wimbo. Wanawake wana nguvu kubwa katika matukio. Sally anakataa, na kukataa kwake kunazaa jumba. Mama wa mtoto anazaa, na uzazi wake unawafunga wanaume watatu. Mariam anabusu, na busu lake linafungua kaburi la siri. Lakini nguvu hizo zote ni za mwili na za tendo. Sauti inayoibeba hadithi ukumbini ni ya mwanamume. Kinywa cha mwanamke katika riwaya hii kinabusu. Kinywa cha mwanamume ndicho kinachoimba.

Historia ya reli yenyewe ina mfano unaolingana na hali hiyo. Reli ilipofika ziwani mnamo Desemba 1901, Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston, ndiye aliyepigilia msumari wa mwisho, na kama inavyosimuliwa kwa kawaida, bandari iliitwa Port Florence kwa heshima yake, kabla ya jina la Kisumu kutawala. Mke alipewa nyundo kwa dakika moja na jina kwa miaka michache. Masimulizi ya safari nzima yalibaki kuwa ya mume na ya wahandisi wenzake.

Mkondo wa ziwa

Je, mkondo mwingine uliwezekana? Tukivuka kutoka Kisumu kuelekea mdomo wa Ghuba ya Winam, tunafika Mbita na visiwa vilivyo jirani, miongoni mwao Takawiri, ambacho leo kiko katika Kaunti ya Homa Bay. Hii ni nchi ya Wasuba, watu wa asili ya Kibantu ambao mapokeo yao yanawahusisha na upande wa Uganda wa ziwa. Katika vizazi kadhaa, wengi wao wamekuwa wazungumzaji wa Kiluo. Kanisa, shule na utawala vilichangia mabadiliko hayo. Lakini sababu moja inayotajwa mara kwa mara ni ndoa: wanaume wa Kisuba walioa wanawake wa Kiluo, na watoto wakakua katika lugha ya mama zao. Maana yake kwa mhakiki wa fasihi ni nzito. Wimbo wa kubembeleza mtoto, ambao mara nyingi hatuuhesabu miongoni mwa tanzu kubwa, ulikuwa miongoni mwa njia ambazo jamii nzima ilibadilishia ulimi wake. Urithi haukupita kwa babu na mjukuu peke yao. Ulipita pia kwa mke aliyeletwa kutoka kwingine akiwa na nyimbo zake.

Fasihi simulizi ya Waluo inatupa ushahidi zaidi. Ni kweli kwamba nyatiti, chombo cha nyuzi nane, kimekuwa kwa desturi chombo cha wanaume, na kwamba pakruok, yaani majigambo ambayo msikilizaji huyatoa akikatiza muziki, humpa jukwaa mwenye cha kutuza. Lakini pembeni mwa nyatiti palikuwa na oigo. Nyimbo hizi ziliimbwa na wasichana ambao hawajaolewa, hasa usiku wa mbalamwezi, wakienda kuwatembelea vijana katika simba, yaani nyumba ya kijana asiyeoa. Henry Owuor Anyumba, ambaye mwaka wa 1968 alishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Taban lo Liyong kudai kufutwa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa miongoni mwa wasomi waliozichukulia nyimbo za Waluo kama fasihi inayostahili uchambuzi. Katika oigo msichana ndiye mwimbaji na kijana ndiye msikilizaji. Ndoa haijafungwa bado, na anayetarajiwa kuolewa ana sauti kabla mahari haijazungumzwa. Ukilinganisha na busu la Mariam, tofauti iko wazi: naye anamwendea mwanamume usiku, mahali pa muziki, lakini hana wimbo.

Wala Kiswahili hakikosi mfano wake. Siti binti Saad aliimba mambo ya mitaa na mahakama za Unguja, na Shaaban Robert akaona maisha yake yanastahili wasifu. Huko mwanamke ndiye aliyekuwa chanzo cha masimulizi, na mwandishi mwanamume ndiye aliyekaa akasikiliza.

Pingamizi na jibu

Huenda ikapingwa kwamba Kimani anaisawiri historia jinsi ilivyokuwa: vibarua wa reli walikuwa wanaume, na bendi za miaka ya sitini nyingi ziliongozwa na wanaume. Jibu ni kwamba riwaya hii haijajifunga katika uhalisia wa namna hiyo. Imejengwa juu ya uhuru wa masimulizi ya mdomo, ambayo hutia chumvi, hukutanisha wasiokutana na kuruka miongo. Mwandishi aliyejipa uhuru huo katika mambo mengine hawezi kuteteawa na historia katika jambo hili moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Inawezekana kimya cha wanawake ni cha makusudi: wimbo wa Babu una pengo, na pengo hilo ndilo linalomfanya Mariam awe wa lazima. Kile ambacho wimbo haukusema kinafika kwa njia ya busu. Tunaukubali usomaji huu kama ufafanuzi wa fani, na unaongeza heshima yetu kwa msuko wa Kimani. Lakini hauliondoi swali la maudhui. Hata hapo, mwanamume analeta ukweli kwa sauti na mwanamke anauleta kwa mwili. Taifa linalozaliwa mwaka wa 1963 katika ukumbi wa Jakaranda linajua kumcheza mama yake, lakini halijajifunza kumsikiliza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba muziki katika Dance of the Jakaranda si pambo. Ndio unaoziunganisha hadithi za mapenzi ambazo zingebaki vipande. Tumeonyesha pia kwamba kiungo hicho kina jinsia. Kwa mwanafunzi wa riwaya, funzo ni kwamba haitoshi kuorodhesha nyimbo zilizomo katika kazi na kueleza dhima zake. Inafaa kuuliza wimbo umetoka kwa nani, umepitia kwa nani, na ni nani aliyekuwa karibu lakini hakuombwa auimbe. Swali hilo likielekezwa kwa riwaya ya Kimani, linafungua nafasi ya riwaya nyingine ambayo ingali inasubiri mwandishi wake: ile ambayo reli inafika ziwani, na mke aliyeolewa kisiwani anaanza kumwimbia mtoto kwa lugha ambayo baba yake hakuzaliwa nayo.