KULIKA, KUCHAKAA NA KUHARIBIKA: UCHAMBUZI WA ISTILAHI ZA KUBADILISHA INJINI

Istilahi hupimwa kwa kazi inayofanyika baada ya kusomwa. Kwa kipimo hicho tutaichambua rasimu ya tafsiri ya maelekezo ya kubadilisha injini katika magari ya zamani aina ya Land Rover, iliyoletwa ili isanifiwe. Rasimu ni nadhifu, na mtafsiri amejitahidi kuepuka maneno ya kigeni. Hata hivyo, fundi akiifuata neno kwa neno, gari litarudi gereji mapema. Na ofisa ugavi akiifuata, atakataa kuidhinisha vipuri vinavyohitajiwa.

Gari linalohusika ni Series III, lililotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Injini yake ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 inatolewa, na mahali pake inafungwa injini ya dizeli ya 200Tdi, ya sentimita za ujazo 2,495, iliyoanza kuuzwa katika Land Rover Discovery mwaka 1989.

1. "Kuharibika"

Rasimu inaagiza: "Injini ikiisha kutolewa, badilisha vipuri vyote vilivyoharibika." Hapa ndipo penye kosa kubwa. Kilichoharibika ni kile kisichofanya kazi tena. Lakini maelekezo ya asili yanahusu vipuri ambavyo bado vinafanya kazi, ila vimepungua kwa kusuguana. Pleti ya klachi iliyobaki nyembamba huliendesha gari vizuri hadi siku ribiti zake zitakapoanza kukwaruza flaiwili. Siku hiyo italazimu kufungua giaboksi. Na katika Series III, giaboksi hutolewa kwa kupitia ndani ya gari, baada ya kung'oa sakafu na kisanduku cha viti. Injini ikiwa nje, pleti hiyo iko mbele ya macho ya fundi, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Isitoshe, injini mpya ina nguvu kubwa zaidi ya kuzungusha, na klachi iliyokonda haitaistahimili.

Sasa ofisa anayesoma neno "vilivyoharibika" atauliza kwa haki: "Je, klachi hii imeharibika?" Fundi mkweli atajibu kwamba haijaharibika. Ombi litakatwa, gari litafungwa, na baada ya muda mfupi serikali italipia kazi ileile mara ya pili. Hasara hiyo haitokani na ubahili wa ofisa wala uzembe wa fundi. Imetokana na neno.

Mtafsiri angesikiliza gereji angepata neno tayari. Mafundi husema klachi "imelika", kama vile watu wote wasemavyo kwamba soli ya kiatu imelika upande mmoja, au kisu kimelika kwa kunolewa. Kulika kuna hatua: kitu hulika kidogo, hulika nusu, hulika kupita kiasi. Kwa hiyo neno hili linakubali kipimo, na kipimo ndicho kinachotakiwa na fundi pamoja na mkaguzi wa hesabu.

Huenda wengine wakapendekeza "uchakavu". Neno hilo ni zuri, lakini wahasibu wamekwisha kulichukua kwa maana ya kupungua kwa thamani ya mali mwaka hadi mwaka. Gari lenye uchakavu mkubwa vitabuni laweza kuwa na klachi mpya. Tuwaachie wahasibu neno lao.

Tena, si kila kipuri hulika. Sili ya mpira iliyo nyuma ya krenki hukauka, ikavujisha oili hadi kwenye klachi. Springi huchoka. Mipira inayoegemeza injini hupasuka. Hosi za maji hulainika au kuchanika. Mafundi wana kitenzi kwa kila hali, na kila kitenzi kinaeleza sababu ya kubadilisha. Kuvikusanya vyote chini ya "kuharibika" ni kulifukarisha somo.

2. "Gololi"

Kwa kila aina ya beringi rasimu inaandika "gololi". Beringi inayosukuma klachi ina gololi kweli. Beringi za krenki hazina gololi hata moja: ni vipande viwili vya nusu mviringo, vinavyotenganishwa na chuma cha krenki kwa utando mwembamba wa oili. Mwanafunzi wa ufundi atatafuta gololi asizione. "Beringi" ni neno lililokwisha kuenea na litumike. "Gololi" ibaki jina la kitufe chenyewe.

3. "Mkanda wa wakati"

Hii ni tafsiri ya sisisi isiyoeleza chochote. Kazi ya mkanda huo ni kulinganisha mizunguko ya krenki na kamshafti, ili vali zifunguke na kufunga panapostahili. Injini ya zamani hutumia mnyororo, ambao ukilegea hupiga kelele na kumwonya dereva. Mkanda wa 200Tdi hukatika bila taarifa, na vali hugongwa na pistoni. Kwa hiyo hubadilishwa kwa hesabu ya muda na maili, hata kama kwa macho unaonekana mzima. Tunaunga mkono "mkanda wa taimingi", ambao fundi ataufahamu mara moja.

4. "Kubadilisha injini"

Rasimu inatumia maneno haya kwa kuweka injini ya aina ileile na kwa kuweka ya aina nyingine. Tofauti yake si ndogo, kwani ya pili hudai viegemeo vipya, mabomba mapya ya moshi na marekebisho ya mfumo wa mafuta. Ipo haja ya kusema wazi "kufunga injini ya aina nyingine", kama wasemavyo mafundi.

Mapendekezo

Sentensi iliyonukuliwa isomeke hivi: "Injini ikiisha kutolewa, pima vipuri vyote vinavyofikika, badilisha kila kilicholika kupita kipimo, kilichokauka, kilichochoka au kilichopasuka, hata kama bado kinafanya kazi." Maneno matano ya mwisho ndiyo yatakayomlinda fundi mbele ya ofisa, na ofisa mbele ya mkaguzi. Rasimu irudishwe kwa mtafsiri, naye aende nayo gereji kabla ya kuileta tena.