Juu ya kitabu cha Bwana Gondola: Vijana wa Buffalo Bill

Wasomaji wetu wengi hawatakiona kitabu hiki. Kimeandikwa kwa Kiingereza, kilichapwa kule Marekani katika mwaka 2016, na bei yake inapita uwezo wa katekista. Jina lake ni Tropical Cowboys. Mwenye kukiandika ni Bwana Didier Gondola, Mkongo, mwalimu wa historia katika universite za Marekani. Kinaeleza habari za vijana wa Léopoldville ya miaka ya 1950, wale waliojiita Bills kwa jina la Buffalo Bill wa sinema. Nakala moja ilitufikia hapa Rumangabo mikononi mwa padri aliyetoka masomoni, nasi tuliisoma jioni kwa jioni, mmoja akifasiri na wengine wakisikiliza. Tunataka kuisemea hapa, ingawa Kinshasa ni mbali na mambo hayo yamepita miaka 60 na zaidi.

Tukumbuke kwanza miaka ile ilikuwa ya namna gani. Ilikuwa miaka ya mali. Serkali ya Wabelgiji ilikuwa imeanza mpango wake wa miaka kumi, 1949 mpaka 1959: njia, nyumba za matofari katika sité, hospitali, masomo. Shaba ya Katanga iliuzwa kwa bei nzuri, zaidi wakati wa vita ya Korea. Huku kwetu Kivu watu walivuna kahawa na pareto, na kamyo zilipita usiku na mchana kati ya Rutshuru na Goma. Mfanyakazi wa mji aliweza kununua kinga, mashini ya kushona, hata gramofoni. Léopoldville ilikuwa na watu karibu 200.000 mwanzoni mwa miaka hiyo. Ilipofika 1960 walikuwa karibu 400.000. Na katika watu hao vijana walikuwa wengi kuliko kazi, zaidi tangu 1957, mali ilipoanza kupungua.

Vijana hao walipenda sinema. Si sinema zote: walipenda za makauboi. Walifunga kitambaa shingoni, wakavaa jeans na shati za miraba, wakazipa sehemu za mji wao majina kama Texas na Santa Fe, wakatunga na lugha yao, Hindubill, yenye Lingala na Kifaransa na maneno mengine mengi ndani yake. Mpaka leo mtu mkali wa Kinshasa huitwa yankee, na wengi wanaotamka neno hilo hawajui lilitoka wapi.

Tuseme neno juu ya huyo Buffalo Bill mwenyewe, maana linachekesha. Jina lake la kweli lilikuwa William Cody, akafa katika mwaka 1917. Tangu 1883 aliongoza mchezo mkubwa wa farasi na bunduki, akauzungusha Marekani na Ulaya, akicheza mbele ya watu maisha yake mwenyewe. Basi kijana wa Léopoldville alimwiga mchezaji wa sinema, aliyemwiga mtu, ambaye naye alikuwa akijiiga mwenyewe. Na huko Marekani, katika miaka ileile ya motokari nyingi na televisheni, wazee nao walikuwa na hofu juu ya watoto wao. Katika mwaka 1954 maseneta wa Washington walikaa kusikiliza mashauri juu ya vitabu vya picha, kama vinaharibu vijana. Mali ilikuwa nyingi pale. Lakini Mwafrika wa Alabama alilazimishwa kumwachia mzungu kiti chake ndani ya bus mpaka watu walipokataa katika 1955. Tusidhani basi ugonjwa ule ulikuwa wa Kongo peke yake.

Bwana Gondola anatafuta sababu, na hapa kitabu chake kina nguvu. Hakutosheka na karatasi za polisi. Alikwenda kuwasikiliza wazee waliokuwa Bills zamani. Anaonyesha kwamba serkali ya kikoloni haikutaka kumwona Mkongo kama mtu mzima. Baba wa watoto sita aliitwa boy. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana katika mji wa Wazungu. Tangu 1952 aliyetaka kuhesabiwa mstaarabu aliomba kuandikwa katika daftari la pekee, na wakaguzi waliweza kuja nyumbani kwake kuangalia jiko lake na namna mke wake anavyopanga meza. Kijana aliona hayo yote. Alimwona baba yake anatoa kofia mbele ya karani mzungu wa miaka 20. Kisha, kwa franka chache, alimwona kwenye kitambaa cheupe mtu asiyetoa kofia mbele ya yeyote.

Mwandishi anaufananisha ukoloni na Kronos, yule wa Wagiriki wa kale aliyemeza watoto wake. Waseminari wetu wanamjua. Mfano ni mzuri, lakini kwa maoni yetu hautoshi. Kronos hakuwalisha watoto wake. Ukoloni wa miaka ile uliwalisha: uliwapa maziwa katika dispensari, daftari shuleni, mpira siku ya Mungu, na nyumba yenye bati. Ulikataa kitu kimoja tu, wasikue. Na mtoto anayelishwa vizuri huku anakatazwa kukua ana hasira ya namna nyingine, tofauti na ya mwenye njaa. Mwandishi anaangalia sana fimbo, na fimbo ilikuwako. Lakini mkate hakuupima vya kutosha. Sisi tunaona mkate na fimbo vilitoka mkono mmoja, na ndiyo maana wazee wetu wengine mpaka leo wanalia wakikumbuka miaka ile, na wengine wanaona haya kwa kulia.

Sisi wa seminari tusijitoe katika habari hii. Mlango mmoja wa masomo makubwa ulikuwa wazi, nao ulikuwa wetu. Ilipofika 1960 Wakongo waliomaliza universite hawakufika 30, lakini mapadri Wakongo walikuwa wamepita 500. Aliyetoka seminari bila upadrisho alikuwa na Kilatini na hakuwa na kazi inayomfaa, ila ukarani.

Na Kanisa lilifanya nini na sinema? Mwandishi anakumbusha jambo ambalo wengine wetu hawakulijua: mapadri wenyewe walionyesha sinema za makauboi katika parokia, kusudi vijana wasiende mahali pabaya. Huku mashariki Mapadri Weupe wa Bukavu walitengeneza hata sinema zao wenyewe, kwa jina la Africa-Films, zenye mafundisho mema. Habari hiyo ya Kivu ingefaa kuingia katika hesabu, maana tukisoma kitabu hiki tunaona kama Kongo yote ni Kinshasa. Mzee mmoja wa hapa alitueleza kwamba alipokuwa mtoto alitembea saa tatu kwa miguu kufuata sinema ya misioni. Tulimwuliza mafundisho yalikuwa nini. Alicheka: anakumbuka farasi tu.

Sura iliyotushika ni ile ya Padri Jozef de Laet, wa shirika la Scheut. Wakati polisi walikamata Bills na wahubiri waliwalaumu, yeye aliwaendea. Alikaa nao, akajifunza maneno yao, akasikia mashauri yao, na vijana wakampa jina la mkubwa wao: Père Buffalo. Mwandishi, ambaye hapendelei wamisionari, anamtendea kwa haki. Tungetaka aseme zaidi juu ya wenzake: walimwonaje huyo padri anayetembea na wavuta bangi? Sisi tunakaa katika jumuiya, tunaweza kukisia.

Lakini tusiwafanye Bills malaika. Mwandishi hafichi kwamba waliojiita walinzi wa sehemu yao walikuwa pia wawindaji wa wasichana, na walitenda kwa nguvu mambo ambayo dada zetu wa Kivu wanayajua sana. Anayasema, lakini wazee aliowauliza walikuwa zaidi wanaume, na wanaume wakizeeka husimulia ubaya wao kama mchezo wa ujana. Sauti ya wale wasichana haisikiki sana. Kwetu huo ndio upungufu mkubwa wa kitabu. Vilevile tarehe 4 Januari 1959, siku ya fujo kubwa ya Léopoldville, vijana hao walikuwa njiani pamoja na wengine. Kuwaita wapigania uhuru ni kuwaongezea. Kuwaita wezi tu, kama polisi walivyosema, ni uwongo.

Kwa nini tunasumbuka na habari hizi hapa Rumangabo, kati ya kambi ya askari na nyumba kubwa ya Parc? Kambi hii imebadilisha wenye kuishika mara nyingi. M23 waliichukua katika 2012, na tena katika 2022. Watoto wetu hawahitaji kitambaa cheupe ili waone bunduki. Wanachonga za mti, wanazibeba hata kwenye ukuta wa kanisa, na wanajua jina la kila aina. Kuna na nyumba za video, lakini video hazina nguvu kuliko njia.

Miaka michache iliyopita tuliwafukuza vijana watatu katika kwaya, kwa sababu ya nywele zao, na suruali, na maneno yao ya mjini. Tulifikiri tunalinda kwaya. Hatukuwauliza hata neno moja. Wawili walikwenda Goma. Wa tatu tulimwona tena kwenye kizuizi cha njia, ana bunduki ya kweli begani. Alitusalimia kwa heshima, Shikamoo Padri, akafungua kamba tupite. Siku ile hatukujua kitabu hiki. Lakini hatuwezi kusema tulihitaji kitabu ili tumwite jina lake kabla hajaondoka.

Sura ya Père Buffalo tumeanza kuifasiri kwa Kiswahili, kwa mkono, katika daftari la shule. Tumefika nusu. Katekista au mseminari anayeitaka atume salamu kwa mtu anayepanda kutoka Goma, naye atapewa daftari kwa juma moja.