Rangi Iliyoshika

Baiskeli iliyotoka kupulizwa rangi haikaguliwi ndani ya banda. Itoe nje saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri, jua likiwa limeinama, kisha ipindue magurudumu juu. Wanunuzi wengi hutazama kwanza bomba la juu kwa kuwa ndilo linalong'aa machoni, na mafundi wanalijua hilo. Bomba la juu karibu siku zote ni zuri, hata kwenye kazi mbovu.

Mimi naanzia tumboni, pale ekseli ya pedali inapopita. Mabomba ya fremu yanakutana hapo, kuna pembe na mikunjo, na hewa ya kompresa ikiingia humo inarudi na kuyafukuza matone ya rangi. Fundi mvivu hupitisha bunduki ya kupulizia rangi mara moja na kuondoka. Utaona sehemu kavu, inayokwaruza kama msasa, na pembeni yake michirizi pale alipojaribu kurekebisha kwa kumwaga nyingi. Fundi makini huanza na pembe hizo kwa mipigo mifupi, bunduki ikiwa karibu na hewa ikiwa imepunguzwa, ndipo anapopanda kwenye mabomba marefu. Ukikuta tumbo liko laini, lina rangi ile ile ya juu na halina michirizi, umeshajua mengi kuhusu aliyeishika kazi hiyo.

Ukiwa huko chini, tafuta namba ya fremu. Kwenye baiskeli nyingi hugongwa hapo tumboni, nyingine kwenye bomba la kiti. Inapaswa kusomeka hata baada ya rangi mpya. Ikiwa imezama kiasi kwamba ukucha hauihisi, ama rangi imewekwa nene mno ama kuna mtu aliyepitisha tupa. Mji wetu wa Arua, Uganda, uko jirani na mipaka miwili, baiskeli zinavuka kuelekea Ariwara upande wa Kongo na kupitia Koboko hadi Oraba kwenda Sudan Kusini, na baiskeli isiyo na namba ni shida yako siku utakayosimamishwa njiani.

Lakini ubora wa rangi huamuliwa kabla rangi yenyewe haijafunguliwa. Raleigh za zamani za Nottingham, zile nyeusi ambazo wazee bado wanazo, hazikudumu kwa sababu ya weusi wake. Chuma kiliandaliwa kwa kemikali ya kuzuia kutu, kisha rangi ikachomwa ndani ya oveni. Kwenye karakana za mtaa wa Oli hapa Arua hakuna birika la kemikali hiyo, ila kuna brashi ya waya, msasa na mkono wa mtu, na vikitumiwa kwa uaminifu vinatosha. Ndiyo maana nashauri jambo moja kuliko yote: mwambie fundi utapita kuiona fremu ikiwa uchi, kabla ya praima. Chuma kilichosuguliwa vizuri ni cha kijivu sawasawa, kina mikwaruzo midogo inayohisika kwa kidole, wala hakina madoa ya kahawia kwenye maungio. Pasipo mikwaruzo rangi haina pa kujishikiza. Mahali palipopakwa kromu ndipo penye hatari zaidi, kwa sababu kromu huikataa rangi yoyote isipokwaruzwa mpaka mng'ao uishe.

Kuna pia adui asiyeonekana, mafuta. Grisi ya bering na oili ya cheni hupenya kila mahali, na kuosha kwa petroli peke yake huacha utando. Fremu hufutwa kwa kitambaa safi chenye tina, kile kimiminika cha kuyeyushia rangi, kitambaa hubadilishwa, hufutwa tena, na baada ya hapo haishikwi kwa mkono mtupu. Kazi iliyorukwa hapa inajionyesha yenyewe: vishimo vidogo vya mviringo, kama sehemu ambazo rangi ilikwepa. Hakuna vanishi itakayovificha.

Praima nayo iwe ya chuma, na iwe imekauka kweli. Siku za mvua, ambazo huku kwetu huanza karibu Aprili na kuendelea hadi Novemba, hewa nzito huifanya rangi ya kukauka haraka itoe ukungu mweupe juu yake. Kiangazi cha Desemba hadi Februari kinaleta upepo na vumbi jekundu. Fundi anayejiheshimu humwaga maji sakafuni kabla ya kupuliza, hupuliza asubuhi upepo ukiwa umelala, na ukimpelekea fremu mvua ikinyesha atakuambia uiache urudi kesho kutwa. Anayekubali kila siku na kila saa simpi baiskeli yangu.

Sasa rangi yenyewe. Ya bei nafuu ni rangi ya mafuta, ile ya milango na mageti. Inakauka polepole na inabaki laini muda mrefu, lakini inapenya na kushika vizuri, na ukiichubua unaipaka tena kwa brashi mwenyewe. Za pili ni rangi za magari. Kati ya hizo, ile inayochanganywa na hadina ya kuigandisha, mafundi huiita 2K, ndiyo imara: ikishaiva haiyeyuki kwa tina. Kipimo chake ni rahisi. Baada ya wiki, chovya kitambaa cheupe kwenye tina, sugua taratibu chini ya tumbo pasipoonekana. Kitambaa kikibaki cheupe, hadina iliwekwa. Kikitoka na rangi, umelipia 2K ukapewa kitu kingine. Tazama pia wanaopuliza. Mvuke wa hadina huharibu mapafu, na kijana anayepuliza 2K akiwa amejifunga leso puani anafanyiwa dhuluma. Karakana yenye barakoa ya kichujio hulipwa zaidi, na ni haki yake.

Kisha kuna rangi ya unga. Haina tina ndani yake. Unga mkavu hutiwa chaji ya umeme, fremu huunganishwa na waya wa ardhini, unga hurukia chuma na kushika pande zote, kisha fremu huingizwa kwenye oveni ya nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi mpaka unga uyeyuke na kuwa ganda moja. Kazi hiyo inahitaji umeme usiokatika, na kwa miaka mingi Arua iliishi kwa jenereta na bwawa dogo la umeme la Nyagak la megawati 3.5, lililoanza kazi mwaka 2012. Ndiyo maana wanaoitaka kweli hupakia fremu kwenye basi la Kampala, karibu kilomita 500, na kutafuta wanaopaka madirisha na samani za chuma. Waambie wazibe nyuzi za skrubu na vikombe vya bering kabla ya kupuliza, maana wao wamezoea madirisha. Na fremu iwe haina pate ya kuzibia mabonde hata kidogo, kwa sababu pate ya kawaida huharibika ndani ya oveni.

Je, unga ni bora? Kwa baiskeli ya kwenda ofisini na msikitini, ndiyo, sina ubishi. Ganda lake huvumilia mkwaruzo kuliko rangi nyingi. Lakini kwa baiskeli inayobeba magunia ya mkaa, madumu ya maji na muhogo, nashikilia 2K juu ya praima nzuri. Karia itaigonga fremu, kamba itaisugua, ganda litapasuka mahali. Unga ukipasuka, maji huingia chini yake, kutu hutembea kimyakimya na siku moja unabandua kipande kizima kwa ukucha. Rangi ya kupuliza unaipiga msasa mahali hapo tu, unagusia, safari inaendelea.

Kwenye baiskeli ya mtumba, rangi mpya yenyewe ni jambo la kutilia shaka. Beba sumaku ndogo. Ipitishe nyuma ya bomba la usukani na kwenye maungio ya chini ya kiti, sehemu zinazopasuka kwa mizigo. Ikilegea ghafla, kuna pate imezibia ufa au bonde. Ikishika lakini unaona uvimbe chini ya rangi, kuna mahali palichomelewa. Uliza, na upunguziwe bei. Baiskeli iliyofungwa plastiki kuanzia usukani hadi kiti, kama wengi wanavyofanya kuilinda, ifungue mbele ya muuzaji. Plastiki huhifadhi unyevu, na mara nyingi kutu iko pale pale palipotunzwa.

Cha mwisho cha kutazama ni mistari. Hero za Ludhiana na Phoenix za Shanghai zina mistari ya kiwandani. Fundi wa hapa huichora upya kwa brashi nyembamba au huitega kwa tepu. Ya tepu ina kingo zenye meno pale rangi ilipopenya. Ya mkono husomwa mwanzoni na mwishoni mwake: mstari wa mkono hodari huanza mwembamba, hunenepa, na huishia pasipo kitone. Maandishi kwenye madigadi hupimwa hivyo hivyo, kwa nafasi kati ya herufi kuliko mapambo yake. Rangi nyekundu za bei nafuu hupauka haraka juani, kwa hiyo ukitaka mistari myekundu juu ya nyeusi, lipia vanishi juu yake.

Usiirudishie baiskeli vipuri vyake siku ile ile ilipopakwa rangi. Hata 2K iache siku kadhaa, rangi ya mafuta wiki mbili au zaidi, kabla ya kukaza klampu ya kiti na karia. Mahali pa vikombe vya bering pakwanguliwe rangi mpaka vikae chumani, la sivyo usukani utalegea baada ya safari chache. Weka mpira mwembamba wa tyubu chini ya kila klampu, na umwombe fundi akujazie rangi iliyobaki kwenye kichupa.