Kabla ya Kuiuza IST Isiyovuta

Mwenye IST ya cc 1290 anayehamia Mbeya au Iringa kutoka Dar es Salaam huanza kulalamika akifika mlima Kitonga. Gari iliyokuwa nyepesi mjini inanguruma, inasuasua, na lori lililo mbele halipitiki. Ushauri anaopewa karibu kila gereji ni uleule: uza, chukua kubwa. Mimi nasema tupige hesabu kwanza, kwa sababu injini ndogo na injini mgonjwa ni vitu viwili.

Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 unazopanda, kwa kuwa hewa inapungua uzito. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Iringa mjini ni zaidi ya 1,500. Injini ya cc 1290, yaani 2NZ-FE, ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 87. Ikifika Mbeya inabaki na kama 73. Ile ya cc 1490, 1NZ-FE, inashuka kutoka 110 hadi kama 92, kwa hiyo 1490 ya Uyole, Mbeya, inakaribiana na 1290 ya Kariakoo.

Sasa tazama mlima unataka nini. IST yenye watu wanne ina kama kilo 1,300. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, kwa kilomita 50 kwa saa, matairi yanahitaji farasi 24 hivi. Kwa kilomita 80 yanahitaji kama 41. Hata ukitoa kinachopotea kwenye gia boksi, 1290 nzima ina akiba, mradi dereva azime O/D na kuiacha injini izunguke. Ikishindwa kushika 50, inaumwa.

Na magonjwa yenyewe yanajulikana. Anza na ea klina, plagi na koili, kisha shinikizo la pampu ya mafuta. Pima kompresheni silinda moja moja. Silinda iliyoachwa mbali na wenzake imeshakupa jibu. Kama injini inagoma kupita mizunguko 3,000 ukiwa umekanyaga mafuta hadi mwisho, kagua masega ya bomba la moshi, huenda yameziba. Baada ya safari fupi, sogeza mkono karibu na kila rimu: iliyo moto kuliko nyingine ina breki inayong'ang'ania, na gari hiyo inapanda mlima Kawetire huku imeshikwa mguu.

Ikiwa nzima na bado unataka kupita malori, kubadilisha injini kunaingia akilini. 2NZ na 1NZ zina upana uleule wa silinda, milimita 75. Kinachotofautiana ni mwendo wa pistoni, 73.5 dhidi ya 84.7. IST yenyewe iliuzwa na zote mbili. Chukua injini pamoja na gia boksi na kompyuta yake, na usisahau TRA, kwani namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Kufunga turbo kwenye 2NZ sikushauri kabisa: mgandamizo wake wa 10.5 kwa 1 tayari ni mkubwa, na pistoni ndizo zitakazolipa.

Kuagiza gari nyingine kutoka nje kuna mzigo wake: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, na gari lenye umri wa miaka 8 au zaidi linaongezewa ushuru wa uchakavu. Forester ya turbo haisikii sana mwinuko, ila mafuta inakunywa. Ukiamua kubadilishana na mtu wa hapahapa, usiijaribu gari yake barabara ya tambarare. Jaza watu wanne, washa AC, panda kutoka Ipogolo hadi Iringa mjini, na macho yako yasiondoke kwenye geji ya joto.